Ghala mmelinunua, mzigo ni wetu

Kwa Wamiliki Wapya wa Daftari la Simu,
Huko mliko ng'ambo.

YAH: KUMBUKUMBU ZANGU ZILIZOMO GHALANI MWENU

Mbukwenyi!

Hiyo ni salamu ya huku Ugogoni. Hupewa watu wakiwa wengi, au mtu mmoja anayestahili heshima. Kuhusu heshima tutaona mbele ya safari, lakini wengi mpo, kwa hiyo salamu imefika mahali pake.

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Jina la programu yenu ya kuandikia kumbukumbu kwenye simu sitalitaja. Mnalijua, nasi tunalijua, na sitaki mwanasheria wenu apate kazi kwa sababu yangu. Nitaiita daftari tu. Ningeiita programu ya madokezo kama wanavyofanya watafsiri, ila Dodoma ni mji wa serikali: ukimtajia mtu wa ofisi za Mtumba neno dokezo, atafikiria dokezo sabili linalosubiri saini ya bosi wake tangu Jumatatu.

Mimi ni bibi shamba wa zabibu. Si mwajiriwa wa halmashauri, najitegemea. Nina duka dogo la pembejeo mjini, na siku nne za wiki niko juu ya bodaboda, leo Hombolo, kesho Mpunguzi au Bihawana, keshokutwa Mvumi, kuangalia mizabibu ya watu. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala majira ya baridi ukavunwa mara moja kwa mwaka. Wa kwetu haulali usingizi huo. Ukipogolewa kwa wakati unavunwa mara mbili, mwanzoni mwa mwaka kwenye Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Fikirieni maana yake kwa mtu wa kazi yangu. Kila kipande cha shamba kina tarehe mbili za kupogoa na raundi mbili za dawa, na deni la pembejeo huchukuliwa mara mbili. Mkulima mmoja ana vipande vitatu vya umri tofauti. Na wakulima wangu ni sitini na kitu. Hakuna kichwa cha binadamu kinachobeba hayo yote, changu kikiwemo.

Ndiyo maana mwaka 2013, nikiwa na simu ya kwanza ya kutelezesha kidole, niliingia kwenye daftari lenu, ambalo wakati huo halikuwa lenu. Leo lina kumbukumbu zangu 3,412. Niwaonyeshe moja ilivyo, msije mkadhani ni mashairi:

"Kipande cha juu, mistari 14. Kapogoa 12/4. Ubwiri unga, mistari mitatu ya upande wa korongo. Salfa, arudie baada ya siku kumi. Anadaiwa mifuko miwili, atalipa mavuno."

Chini yake kuna picha ya jani lenye unga mweupe wa ugonjwa huo, limeshikwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kidole gumba ni changu. Kina rangi nyekundu ya kucha iliyobanduka nusu. Hiyo rangi ikumbukeni, nitairudia.

Basi, usiku mmoja, saa tano hivi, ikaingia barua pepe yenu. Ilikuwa ya Kiingereza na ilikuwa na furaha. Katika maisha yangu nimeshuhudia kuuzwa kwa viwanja, mbuzi, pikipiki na hata baa, lakini sijapata kuona tangazo la mauzo lenye furaha namna ile. Aliyeuza alikuwa na furaha kubwa. Aliyenunua alikuwa na furaha kubwa zaidi. Na mimi, niliyekuwemo ndani ya mzigo, nikakaribishwa kufurahi pamoja nao. Mwishoni ikasemwa kwamba kwa upande wangu hakuna kitakachobadilika. Kwa uzoefu wa mji huu, mtu akikuambia kiwanja chako hakiguswi kabla hujamuuliza, kesho yake nenda kaangalie bikoni.

Miezi mitatu baadaye mkaongeza bei karibu maradufu. Wasiolipa mkawabana mpaka wakabaki na kumbukumbu chache zisizotosha hata orodha ya vikoba vya mtaa mmoja. Na toleo jipya likaja, zuri kwa sura, ambalo haliwezi kufunguka bila kwanza kuwasiliana na nyumbani kwake mtandaoni.

Nataka mjue watu walivyopokea, kwa sababu nadhani mnaona namba tu: wangapi wamebaki, wangapi wameondoka. Rafiki yangu mwalimu alihama usiku uleule, akakesha ananakili maandalio ya masomo ya miaka sita, asubuhi akaingia darasani macho mekundu. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyeweka humo nukuu zake zote za tasnifu, aliniambia kwa utulivu wa kutisha kwamba atalipa mpaka atakapohitimu, halafu hamtamwona tena. Mwenzangu wa duka la jirani anawatukana kila siku, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, na analipa kila mwezi bila kuchelewa. Yupo na mzee mmoja mhasibu, mstaafu, aliyecheka tu. Yeye hajawahi kuamini kitu kisichokuwa na jalada gumu.

Mimi nilikaa matanga. Sina neno jingine. Siku kadhaa nilikuwa naongea juu ya lile toleo la zamani kama watu wanavyomwongelea marehemu, jinsi lilivyokuwa jepesi, jinsi lilivyofunguka hata simu ikiwa na asilimia tatu ya chaji. Nikasahau kabisa kwamba nilikuwa nalilalamikia. Wenyewe wa kwanza walikuwa wazembe, tusifichane. Mwaka mzima kitufe cha kutafuta kilikuwa hakitafuti. Nikiandika Mpunguzi kinaniletea Mpwapwa.

Na nikiri na lingine kabla hamjalisema nyinyi. Kwa miaka sita ya mwanzo sikulipa hata senti. Kampuni ililisha, ikatunza, ikalipia mashine zake, mimi nikala bure nikadai na chumvi. Kwa hiyo sisemi bei isipande. Salfa imepanda, nauli ya bodaboda imepanda, nami nimewapandishia wakulima wangu, na walininunia vilevile. Tena bei yenu ni ya dola, hivyo shilingi ikiyumba inapanda yenyewe bila mtu kugusa kitu. Tumezoea.

Kinachoniuma ni hesabu iliyopigwa nyuma ya bei. Mnunuzi wa kitu kama hiki anatazama nini? Anatazama watu walioweka vitu vingi kwa miaka mingi, na anajua hao hawaondoki. Yule wa juzi mwenye kumbukumbu ishirini atahama kesho bila kuaga. Mwenye 3,412 atapiga kelele, ataandika barua kama hii, halafu atalipa, kwa sababu kuhama ni wiki mbili za kazi na mizabibu haisubiri. Mnauita uaminifu wa wateja. Sehemu yake ni uaminifu kweli, sikatai, nimewatangazia bure kwa nusu ya maafisa ugani wa wilaya hii. Lakini sehemu kubwa ni ugumu wa kubeba. Mlichonunua kwa bei kubwa ni jasho letu la kuandika, kisha mkatutoza kwa kuwa jasho hilo ni zito kuhamisha.

Yaliyowapata wengine tunayajua, tunasoma. Evernote, ile programu ya kumbukumbu yenye nembo ya tembo, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, na Phil Libin aliyekuwa mkuu wake alikuwa akisema wanajenga kampuni ya miaka 100. Novemba 2022 ikatangazwa inauzwa kwa kampuni ya Bending Spoons ya Milano, Italia. Mwaka uliofuata wafanyakazi karibu wote wa Marekani na Chile waliachishwa kazi, bei ikaruka, na Desemba 2023 mtumiaji wa bure akabakiziwa kumbukumbu 50 na daftari moja. Haki isemwe, wamiliki wale walikaa wakaitengeneza programu yenyewe, wakatoa maboresho mengi baada ya miaka ya kuzubaa, na wapo waliobaki wakisema afadhali sasa. Wunderlist ya Berlin, programu ya orodha za kazi, haikupata hata hiyo afadhali. Microsoft waliinunua 2015, wakaizima Mei 2020, ingawa Christian Reber aliyeianzisha alikuwa amejitokeza hadharani mwaka 2019 kuomba auziwe tena mtoto wake. Hakuuziwa. Upande wa pili kuna Simplenote, nayo ya kumbukumbu: 2013 ilienda kwa Automattic, watu wa WordPress.com, na mpaka leo ni bure na mlango wa kutokea uko wazi. Kwa hiyo kuuzwa si lazima kuwe msiba. Inategemea mnunuzi alikuja kufanya nini.

Sasa niwapeleke Hombolo.

Ilikuwa Juni, ule ubaridi wetu mkavu wenye vumbi, mizabibu ikiwa na mashada mabichi yenye punje za ukubwa wa mtama. Mzee mmoja, mteja wangu tangu siku za mwanzo, alinipokea na jani mkononi. Lilikuwa na unga. Kipande kilekile, upande uleule wa korongo. Misimu mitatu nyuma tulipambana nao hapohapo tukaushinda, na nilikuwa nimeandika kila kitu: salfa ya aina gani, vijiko vingapi kwa bomba la lita 16, tulirudia baada ya siku ngapi, na kosa tulilolifanya la kupiga jua likiwa kali tukaunguza majani. Nikatoa simu. Kale kaduara kenu kakaanza kuzunguka.

Pale shambani mtandao hukamata sehemu moja tu, kwenye kichuguu karibu na mbuyu, na siku hiyo hata pale palikuwa pamekufa. Toleo la zamani lisingejali, lilikuwa limebeba kumbukumbu ndani ya simu. Hili lenu likazunguka. Nikapanda kichuguu. Nikanyoosha mkono juu. Nikazima, nikawasha. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, ananitazama kwa subira ile wanayotumia wazee kwa watoto wanaojifunza kutembea.

"Bibi Shamba, imekataa?"

"Inatafuta mtandao, mzee wangu."

"Ina pesa ndani?"

"Bando lipo, mzee. Na yenyewe nimeilipia mwaka mzima."

Hakusema kitu. Akamwita mjukuu, mjukuu akakimbia, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha mfuko wa mbolea. Ndani yake kulikuwa na kaunta buku. Kurasa zimeota rangi ya njano pembeni, nyingine zina alama ya kikombe cha chai, na lote linanuka salfa. Mzee akavaa miwani iliyofungwa waya upande mmoja, akalowanisha kidole, akafunua, akafunua tena, akasoma kwa sauti kama anayesoma waraka kanisani:

"Bibi Shamba kasema vijiko vinne, si vitano. Kasema jioni, si mchana. Kasema siku kumi."

Maneno yangu mwenyewe. Nikasomewa na mtu niliyemwambia, kutoka kwenye daftari la shilingi elfu chache, huku la kwangu la dola likizunguka. Nikashukuru, tukachanganya dawa, nikakaa naye mpaka jua lilipopoa. Njiani kurudi mjini sikuongea na dereva wa bodaboda hata neno, na yule kijana si mtu wa kukubali kimya.

Wiki hiyo niliamua kuhamisha mzigo wangu. Kitufe cha kutolea vitu kilikuwepo, mmekiweka chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio, mahali ambapo mwenye duka huweka bidhaa asiyotaka kuuza. Nikabonyeza. Usiku kucha. Asubuhi nikapata furushi. Maandishi yapo. Picha zipo, ila zimetenganishwa na maandishi yake, zote zimerundikwa kwenye folda moja zikiwa na majina ya tarakimu na herufi. Na zote zina tarehe moja. Picha za miaka zaidi ya kumi, za misimu zaidi ya ishirini, zote zimezaliwa usiku ule nilioziomba.

Kwa mtu wa shamba, jani lisilo na tarehe halina kazi. Unga wa wiki ya pili baada ya kupogoa na unga wa wiki ya nane ni magonjwa mawili kwa mfuko wa mkulima, hata kama kitabuni ni ugonjwa mmoja. Basi nikaanza kupanga picha 1,900 kwa kutazama kucha zangu. Kucha nyekundu iliyobanduka: ni mwaka wa harusi ya mdogo wangu. Zenye hina: ni ule msimu niliotoka Kondoa kwa shangazi. Kucha tupu na plasta: nilijikata na mkasi wa kupogolea. Nilifika mia mbili nikaacha.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo penye barua yenyewe.

Nchi hii ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala, ya mwaka 2005. Wa korosho kule kusini wanaijua kwa furaha na kwa machungu yake, na ina kelele zake sitaki kuziingilia. Lakini msingi wake ni mzuri hata mtoto anauelewa. Mkulima anapeleka gunia ghalani. Linapimwa, linapangiwa daraja, anapewa karatasi inayosema kilo ngapi, daraja gani, la nani, limeingia lini. Mwenye ghala anatunza, analipwa kwa kutunza. Akiuza ghala lake leo kwa mtu mwingine, amehamisha kuta, bati na mizani. Korosho hazijahama mkono. Mnunuzi mpya hawezi kumwambia mkulima, "Njoo uchukue gunia lako, ila tumemwaga zote sakafuni, chagua zako."

Nyinyi mmemwaga sakafuni.

Ninachodai ni stakabadhi. Nikisema natoka, nipewe nilichoingiza kama nilivyokiingiza: maandishi na picha yake mahali pamoja, tarehe ya kuandikwa na si ya kutolewa, katika faili ambalo programu nyingine yoyote, au hata kompyuta ya stesheneri pale Majengo, inaweza kulifungua. Hilo fanyeni hata kwa asiyelipa. Nalo lifanyeni kabla ya kupandisha bei tena, ili anayebaki awe amebaki kwa kupenda. Mkishindwa yote, hilo moja tu.

Kama mna nafasi ya jingine, rudisheni kufunguka bila mtandao. Mmoja wenu apande treni ya SGR, siku hizi kutoka Dar mpaka hapa ni saa chache, nitampokea stesheni mwenyewe, tukae shambani siku moja. Atakuta watu wanaofanya kazi ya maana mahali ambapo mnara hauonekani.

La bei nina ombi dogo na linaweza kuwachekesha. Fedha ya zabibu huingia mara mbili kwa mwaka, na kiwanda kikichelewa kulipa, mkulima ananichelewesha nami. Ikibidi kupandisha, tuambieni msimu mmoja kabla. Mnatoa siku 30. Siku 30 hazitoshi hata zabibu kuiva.

Na liko lile lililofichwa kwenye masharti mapya, kifungu kirefu kinachosema mnaweza kutumia tulivyoandika "kuboresha huduma". Nilikisoma mara tatu. Akili bandia inafundishwa kwa maandishi ya watu, hata bibi shamba anajua. Mambo yangu mwenyewe ningeweza kuyafumbia macho. Lakini humo kuna majina ya watu sitini na kitu, namba zao za simu, ukubwa wa mashamba, nani anadaiwa shilingi ngapi, na nani alishindwa kulipa kwa sababu mkewe alilazwa. Walinieleza mimi, kwenye kivuli cha mzabibu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kwa sheria hiyo mimi ndiye mkusanyaji wa taarifa zao, nyinyi mnazihifadhi na kuzichakata kwa niaba yangu. Wakiuliza, mimi ndiye wa kujibu. Kwa hiyo naandika hapa mbele ya mashahidi: sijatoa ruhusa hiyo, na kubofya kitufe cha "endelea" nikiwa natafuta kipimo cha salfa hakuhesabiki kuwa ruhusa.

Malipo yangu kwenu yanaisha mwishoni mwa Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha. Mpaka hapo nabaki. Mkinijibu, jibuni jioni. Mchana niko mashambani na barua yenu haitafunguka.

Wenu, kwa sasa,

Bibi Shamba,
Dodoma.

Nakala: Mzee wa Hombolo mwenye kaunta buku (atasomewa).